Meli ya Likawage

Mmenipigia simu mara mbili, na mara ya tatu mmekuja wenyewe hapa Mingoyo kwa pikipiki, mna matone ya rangi mpaka kwenye kope, kuniuliza kwa nini ukuta wa ile ofisi ya zamani ya kijiji kule Likawage haushiki rangi. Mmepaka mkono wa kwanza, asubuhi umebanduka na meli iliyochorwa chini yake imerudi. Mmepaka wa pili, umebanduka pamoja na wa kwanza. Meli ipo, matanga yapo, na yule mwanamke aliyesimama mbele ya meli akiwa ameshika mwiko anawatazama. Mmelaumu kiwanda cha rangi, mmelaumu unyevu, na mmoja wenu, simtaji ila amevaa kofia nyekundu, amesema ukuta una jini.

Ukuta hauna jini. Una mafuta ya papa. Niliyapaka mimi, kwa makusudi, kabla baba zenu hawajaoa, na maelezo yake ni marefu kidogo. Kaeni. Chai hiyo hapo, na sukari kila mtu ajitilie kwa kadiri ya aibu yake.

Ninyi siku hizi mnafungua ndoo, mnatia maji, mnapaka, mnakwenda kwenye mpira. Sisi rangi tulikuwa tunaitengeneza. Unanunua unga wa rangi, unausaga na mafuta ya kitani, unatia tapentaini, unakoroga mpaka bega linakutukana. Mafuta ya kitani yalikosekana kuliko yalivyopatikana. Mwaka wangu wa kwanza kazini yalipokosekana nikajifanya mjuzi, nikatumia sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo wenye vyombo hupaka mbao zisinywe maji. Nikawaza, kama yanaufaa mtumbwi baharini yatashindwaje na mlango? Nikaupaka mlango wa mahakama ya mji. Wiki tatu rangi haijakauka, na paka wote wa mji wamehamia barazani. Hakimu akisoma hukumu, paka wanalia. Mshitakiwa mmoja ilibidi aombe asomewe tena kifungo chake, maana hakusikia kama ni miezi au miaka.

Aliyeniokoa ni mwalimu wangu wa kazi, Fundi Feruzi. Alikuwa mzee mfupi, kidole gumba kimepinda kwa kushika brashi, na maneno yake yalikuwa machache kuliko meno yake, ambayo nayo yalikuwa machache. Alikuja na debe la maji ya majivu ya makumbi, akauosha mlango mara tatu kwa gunzi, na mara ya tatu paka wakaondoka. Halafu akaniambia, "Umekosea, lakini kosa lako lina maana. Juu ya sifa hakuna rangi itakayoshika. Nilikuwa silijui hilo, na umri wangu huu. Liweke." Nikaliweka.

Tulikuwa vibarua wa serikali katika mji mmoja wa pwani hii, kati ya Kilwa na Lindi. Siutaji kwa sababu ya yanayofuata. Tulipaka milango, tuliandika namba za malori, tuliandika USITEME MATE kwenye kuta ambazo watu walizitemea mate wakisubiri zikauke. Uhuru ulikuwa umeshafika. Mzungu wa mwisho alipoondoka aliacha vitu vitatu katika ofisi kubwa: meza, mbwa asiyejua Kiswahili, na picha. Mbwa alijifunza Kiswahili kwa mwezi mmoja. Picha ndiyo iliyosumbua.

Ilikuwa picha ya rangi ya mafuta juu ya kitambaa kizito, kile kile cha kushonea matanga, upana wake pima nzima, fremu ya mvule. Ndani yake ilikuwamo meli ya Kizungu ya zamani, ya zile zilizojengwa nyembamba ili zikimbie, ina milingoti mitatu. Matanga nilikuwa nikiyahesabu napata ishirini na sita, na nikiwa na njaa ishirini na nane. Mabaharia walikuwa wadogo sana, wametapakaa kwenye kamba juu mpaka chini. Kwenye omo, pale mbele kabisa, palikuwa na sanamu ya mwanamke wa mbao mwenye gauni jeupe, ukubwa wake haukuzidi ukucha.

Sasa, watu wenye mashauri walikalishwa kwenye benchi linalotazamana na picha hiyo, na hapo ndipo kazi za serikali zilipoanza kuchelewa. Mtu wa pwani hawezi kukitazama chombo akanyamaza. Mchoraji alikuwa ameyajaza matanga upepo kutoka nyuma, kisha bendera akaipeperusha kuelekea nyuma vile vile. "Matanga yana kusi, bendera ina kaskazi," mzee mmoja alisema. Alikuwa amekuja kumshitaki jirani yake kwa ajili ya mbuzi, na jirani alikuwa amekaa naye pale pale. Waliondoka pamoja, shauri la mbuzi wamelisahau, wamekubaliana kwamba nahodha ni mlevi. Mwingine aliuliza choo cha meli kiko wapi, akakasirika hakuna aliyejua. Mkulima mmoja kutoka bara, hajapata kuiona bahari, aliyatazama matanga kwa huruma akasema, "Hawa wana nguo nyingi, Mungu awabariki. Ila kufua zote siku moja ndiyo wamekosea."

Fundi Feruzi hakuwa ameiona picha hiyo. Enzi ya Mzungu vibarua tuliishia barazani, na baada ya Uhuru miguu yake ilikuwa bado haijapewa habari. Mimi nilikuwa kijana, niliingia kupaka dari.

Ndipo vikaja vijiji vya ujamaa, na pamoja navyo akaja mkuu mpya wa ofisi. Tulimwita Bwana Mkuu. Ametoka nyanda za juu, mchapakazi, mtu mwema, ila aliogopa maji hata ya kisima. Mgeni mzito kutoka mkoani alikuwa anakuja kufungua kijiji kipya upande wa Kikole, na lilitakiwa bango. Mbao hazikuwapo, shuka zilikuwa za foleni. Bwana Mkuu akazunguka ofisi nzima akitafuta kitu kipana, macho yakatua kwenye picha.

"Meli hii ya nani?"

"Ya yule Mzungu aliyeondoka."

"Ilikuwa inakwenda wapi?"

"Haijulikani, Bwana Mkuu."

"Basi imefika. Ipake yote nyeupe, juu yake andika UHURU NA KAZI, herufi kubwa. Bango likipendeza, jina lako napeleka uajiriwe moja kwa moja. Lisipopendeza, jembe lipo."

Nilikuwa na mke na mtoto mchanga, na kibarua kilikuwa cha leo upo kesho haupo. Kazi ya kudumu niliitamani kuliko kitu chochote duniani. Sitajifanya mwema mbele yenu: niliibeba picha ile kwenda karakana nikiimba.

Fundi Feruzi alikuwa anasafisha brashi. Akainua macho, akaziacha brashi ndani ya kopo. Akanawa mikono, akaifuta kwenye shati, jambo ambalo hakulifanya hata kwa chakula. Kisha akamgusa yule mwanamke wa mbao kwa ncha ya kidole.

"Kumbe alikuwa na mikono miwili," akasema.

Nikadhani jua limempata. Nikamletea kiti. Akakaa, na siku hiyo akasema maneno mengi kuliko ya miaka yote niliyofanya naye kazi.

Alisema amelala ndani ya meli hiyo miaka mitatu. Alipokuwa kijana alikwenda kutafuta kazi bandari za kaskazini, akapata ya kupakua makaa. Makaa yenyewe yalihifadhiwa katika meli kuukuu iliyofungwa minyororo, haina mlingoti hata mmoja, nyeusi ndani na nje. Meli za moshi zilikuja ubavuni kwake zikachukua makaa zikaenda zao. Mlinzi wa pale, Mgoa mmoja mzee, ndiye aliyemsimulia historia yake. Meli ile ilijengwa kwa ajili ya chai ya Uchina. Zamani zilikuwa zikishindana, itakayotangulia kufika kwao Uingereza na chai mpya ndiyo inayopata bei, na hii ilikuwa na mbio za kutisha. Kisha ukachimbwa mfereji wa Suez, meli za moshi zikapita njia ya mkato, na chai ikaihama. Ikabeba sufu ya kondoo. Ikabeba magogo. Ikauzwa kwa huyu, ikauzwa kwa yule, na kila aliyeinunua aliipunguza mlingoti, mpaka ikafungwa minyororo kulisha makaa zile zile meli zilizoishinda.

"Tezi na omo, marejeo ni ngamani," akasema Fundi Feruzi. "Na ngamani mwake, humo chini kabisa tumboni, nilikuwamo mimi na beleshi."

Lakini Mgoa yule hakukubali sanamu ya mbele ichakae. Kila mwaka, karibu na Krismasi, alimpa Feruzi kopo la nyeupe kwa ajili ya gauni, kijikopo cha nyekundu kwa ajili ya mashavu, na nyeupe iliyobaki ya kupitishia upya jina la meli kule nyuma. Mkono wa kulia wa mwanamke huyo ulikuwa umekatwa na kamba ya meli nyingine. Feruzi aliona si heshima mwanamke mzima kukaa na kigutu mbele za watu, na mbao nyingine hakuwa nayo, akampigilia mwiko wa ugali. Manahodha wa Kizungu walikuwa wakipita wanavua kofia, halafu wanaona mwiko, hawajui waendelee au warudishe.

Nikamuuliza anajuaje kama ndiyo yenyewe. Kizungu alikuwa hajui kusoma. Aligeukia kibati cha shaba kilichopigiliwa kwenye fremu, chenye jina la meli, akakipitishia kidole chake kilichopinda, herufi moja moja, kwa mpangilio wa mtu aliyezipaka mara nyingi. "Ni tisa," akasema. "Ya pili duara, ya nane duara." Zilikuwa tisa, na zilikuwa duara.

"Huyu ndiye uso wa kwanza niliopaka rangi maishani mwangu," akasema. "Ufundi wote nilionao umeanzia shavuni mwake. Na huo ndio niliokupa wewe." Akalia. Nilikuwa nimemwona akizika mke bila chozi.

Kisha akasimama, akachukua brashi zake. "Kazi ni kazi, mwanangu. Paka. Una mtoto." Akatoka.

Hapo ndipo aliponiweza. Angenikataza, ningekasirika, na ningepaka. Alivyoniruhusu sikujua niufanye nini mkono wangu. Nilikaa na kopo la rangi nyeupe ya mafuta mpaka likaanza kutengeneza utando, nikijua kwamba mkono mmoja wa rangi ile ungemfuta mwanamke huyo mpaka kiama.

Ndipo nikawakumbuka paka wa mahakamani.

Nikaenda pwani kununua sifa. Nikaipasha moto, nikaipaka picha nzima kwa pamba, nyembamba, kila kona. Juu yake sikuweka rangi ya mafuta. Nikakoroga chokaa kwa uji wa muhogo, nikapaka nyeupe, nikaandika kwa masizi UHURU NA KAZI, herufi zangu nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Hesabu yangu ilikuwa hii: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Chokaa ile ingekaa siku ya sherehe, jioni ningeifuta kwa kitambaa, meli ningemrudishia mzee wangu, na ofisini ningesema bango limechakaa. Bwana Mkuu alipoliona alifurahi.

"Safi sana. Ila linanuka."

"Rangi ya kisasa, Bwana Mkuu."

Nilichosahau ni barabara. Lori lilitutikisa mpaka mtu huwezi kumjua aliyekaa kulia kwako na aliyekaa kushoto. Tulipofika, herufi K ilikuwa na ufa. Wakalisimamisha bango nyuma ya kiti cha mgeni, likatazamana na jua, na sifa ikipata jua inalainika, mnajua sasa.

Mgeni alianza kuhutubia. Alipofika kwenye kujitegemea, kipande cha U kikamwangukia begani. Akakipangusa. Likatokea tanga moja. Akaendelea na kilimo cha bega kwa bega, matanga yakawa manne. Wananchi wakaacha kumtazama yeye. Paka wawili walitokea nyuma ya jukwaa, kijiji kina mwezi mmoja, sijui paka walihamia lini. Alipofika kwenye mavuno ya korosho, UHURU yote ilikuwa chini, NA ilikuwa chini, imebaki KAZI peke yake ikining'inia juu ya bahari.

Mzee mmoja wa mbele akasimama kwa adabu. "Shikamoo, Mheshimiwa. Samahani. Hiyo meli, kufika huku itapita wapi?"

Mgeni akageuka. Na KAZI nayo ikaanguka. Bwana Mkuu hakuitazama meli, alinitazama mimi, shingoni hasa. Nikamwona mke wangu, nikamwona mtoto, nikaliona na lile jembe.

Mgeni aliisogelea meli, akawakagua mabaharia mmoja mmoja. Kisha akawageukia watu. "Ndugu zangu, nani anaweza kunionyesha abiria katika meli hii?" Watu wakanyoosha shingo. "Hayumo. Kila aliyemo ameshika kamba. Huyu akilegeza, wote wanazama. Ndugu zangu, huu ndio ujamaa wenyewe." Makofi yakapigwa mpaka paka wakakimbia. Bwana Mkuu alipiga kuliko wote, na hadi anahamishwa wilaya ile alikuwa akieleza jinsi alivyobuni bango ambalo maneno yanaanguka na vitendo vinabaki.

Nilipumua. Nilipumua mapema. Mgeni alipokwisha kula, akasema picha hiyo angependa kuondoka nayo, kumbukumbu ya wananchi. Nani angekataa? Wakaiingiza kwenye gari lake, nusu ndani nusu nje, matanga mbele, paka nyuma.

Fundi Feruzi alikuwa amekuja na lori letu, amesimama mwisho wa umati. Mkononi alikuwa na kopo la maji ya majivu na kitambaa safi. Harufu ya sifa ilikuwa imemweleza hila yangu, naye alikuwa ameyabeba njia nzima, ili jioni aje amwoshe uso yule mwanamke. Akalitazama gari mpaka vumbi likatulia, kisha akamwaga yale maji taratibu kwenye mche wa mkorosho.

"Haidhuru," akasema. "Safari hii hakubebeshwa makaa."

Niliajiriwa moja kwa moja. Niliona aibu siku niliyopewa barua, na ninaiona mpaka leo, pensheni na yote. Kazi yangu ya kwanza ya kudumu ilikuwa agizo la Bwana Mkuu kwamba kila ofisi ya kijiji kipya ichorwe meli ukutani. Vijiji vyote hivyo viko bara. Nilichora meli mahali ambapo maji yanafuatwa kwa saa mbili na ndoo kichwani, na wenyeji walinisaidia kupanga matanga. Bendera niliigeuza, ikafuata upepo, sikutaka kesi.

Kila mahali Fundi Feruzi alikuja nami, amekaa juu ya makopo nyuma ya lori. Mimi nachora meli nzima, yeye ananisubiri nimalize, kisha anamchora mwanamke: gauni jeupe, mashavu mekundu, mkononi mwiko. Bwana Mkuu alimuuliza mwiko wa nini. "Wa chakula cha pamoja, Bwana Mkuu," akajibu, na likaandikwa hivyo kwenye taarifa.

Likawage ilikuwa ya mwisho. Macho ya mzee yalikuwa yameshaingia ukungu, nikamshika kiwiko mpaka kwenye ukuta, akampaka yule mwanamke kwa kupapasa. Ndiyo maana mashavu yamepishana, mmoja wenu amecheka, nimemsikia. Hakuchora tena baada ya hapo, na hakukaa sana. Mimi nilirudi Likawage peke yangu na debe la sifa, nikaipaka meli ile juu yake mikono mitatu, plasta ikainywa yote. Katibu wa kijiji alinilaani kwa ajili ya paka. Meli nyingine zote zimeshakwisha: nyingine zimepakwa matangazo ya sabuni, nyingine ukuta wenyewe ulianguka na mvua. Ile tu ndiyo imekataa.

Haya, dawa yake. Fundi hafichi dawa, Feruzi hakunificha. Maji ya majivu ya makumbi, makali mpaka yaume ulimi. Osheni kwa gunzi, si kwa brashi, mara tatu, kila mara acheni pakauke. Mara ya tatu ukuta utashika rangi yoyote, na mwenye nyumba atapata weupe wake kabla ya Ijumaa kama mlivyomwahidi. Mkifika kwa yule mwanamke mtakuwa karibu naye sana, maana yuko usawa wa macho. Kikopo hiki chukueni, ni nyekundu ya mashavu, nimeisaga mwenyewe juzi baada ya simu yenu ya pili. Sijui mtaifanyia nini.

Kazi ni kazi, wanangu. Mna watoto. Pakeni.